Maji Yaliishia Masikioni

Kwa miaka mitatu nilimwogesha kila Alhamisi mama mmoja wa Kiingereza huko Uccle, Brussels, na mwaka wa mwisho alinifanya nimsomee mahubiri ya baba wa babu yake. Macho yake yalikuwa yamekwisha, yamebaki kutofautisha dirisha na ukuta tu. Mimi nilisoma, yeye akasikiliza, na nikikosea neno alinikatiza papo hapo, maana mengi alikuwa ameyahifadhi kichwani tangu utoto.

Kampuni ya kuhudumia wazee iliniweka kwake kwa sababu moja: mimi Mtanzania, kwa hiyo ati najua Kiingereza. Alikuwa ameishi Brussels miaka sitini na zaidi, mke wa Mbelgiji, mjane sasa, na Kifaransa chake chote kilikuwa kinamtoka polepole, kikaacha Kiingereza cha kijijini kwao ambacho hata mimi nilihitaji miezi kukizoea. Wahudumu waliokuja kabla yangu aliwafukuza. Mimi hakunifukuza kwa kuwa nilimjibu. Siku ya kwanza aliniambia maji ni ya moto mno, nikamwambia maji ni sawa, ila yeye ndiye mkali. Akacheka mpaka akakohoa.

Nilimwita Madame, kama kampuni ilivyotaka.

Huyo baba wa babu alikuwa mchungaji wa Kibaptisti shambani Uingereza, karne ya kumi na tisa, katika kijiji chenye matope, kondoo na kanisa dogo la mawe. Kanisa halikumlipa kitu. Siku sita alishona viatu, ya saba alihubiri, na mara nyingi alitembea saa tatu kwenda kuhubiri katika ghala la mkulima fulani kisha saa tatu kurudi. Alikuwa na daftari la ngozi alilolishona mwenyewe. Kila hubiri aliliandika humo: mahali, hali ya hewa, andiko alilotumia, hoja zake kwa ufupi, na chini kabisa neno moja. Ama aliandika "Nimefunguliwa", ama aliandika "Nimefungwa".

Sikuhitaji kuelezwa. Mimi ni mtoto wa Kibaptisti wa Tukuyu, nimezamishwa mtoni nikiwa na miaka kumi na minne, katika maji baridi yaliyonitoa machozi kabla hata Roho hajafika. Nimewaona wahubiri wakifunguliwa, maneno yakatiririka, kanisa likasimama. Nimewaona pia wakifungwa, mtu anatoka jasho, anarudia jambo moja, anatazama saa kama mfungwa. Nilichoshangaa ni kwamba huyu mshona viatu alijiandikia hukumu mwenyewe, kila wiki, kwa miaka arobaini, na kufungwa kulizidi kufunguliwa.

Mahubiri yake niliyapenda, na siyo kwa adabu tu. Hakuwa na elimu ya dini, alikuwa na ngozi na nyundo. Hubiri lake kubwa, ambalo Madame alinisomesha pengine mara ishirini, lilihusu ubatizo. Alisema ngozi ya kiatu lazima iloweshwe yote ndipo ikubali kuvutwa na kushika umbo la mguu. Ukiinyunyizia matone juu, inapata madoa tu, na ukiivuta inapasuka. Ndivyo alivyowapiga majirani zake wa kanisa kubwa waliokuwa wakiwanyunyizia watoto wachanga maji ya utosini. Aliwapiga hivyo miaka yote, mvua na jua. Nadhani walimchoka.

Lakini kulikuwa na kurasa ambazo Madame aliniomba nizisome kwa sauti ya chini. Mke wa mkulima mmoja alikuwa anakohoa damu, akaomba abatizwe. Ilikuwa majira ya baridi, mto umeganda kandokando. Mchungaji alimwonea huruma, akamwambia angoje maji yapate joto kidogo. Yule mama akangoja. Akafa kabla ya majani kuchipua. Baada ya hapo daftari lina Jumapili kumi na moja mfululizo, na chini ya kila moja neno ni lile lile: Nimefungwa, Nimefungwa, Nimefungwa. Baridi iliyofuata ameandika kwamba ameenda mtoni na nyundo yake ya kazini kuvunja barafu, kwa ajili ya kijana aliyeomba juzi tu.

Nilipomaliza ukurasa huo, Alhamisi moja ya mwezi wa kwanza, Madame alikuwa kwenye kiti chake karibu na kipasha joto, blanketi magotini.

"Mimi sijabatizwa," akasema.

Nilidhani natania nikimwambia, "Kitukuu wa mtu kama huyu?"

Akanieleza. Kwao mtoto hanyunyiziwi, anangojwa mpaka aamini mwenyewe. Basi akangojwa. Vita vikaja, wakahama, baba yake akaacha kanisa, yeye akaolewa Brussels na mtu asiyejali mambo hayo. Kila mwaka alijiambia ataomba akishaamini vizuri. Sasa ana miaka tisini na mmoja, moyo wake unapiga unapotaka, na daktari alikuwa amezungumza na mwanawe kwenye simu kwa sauti ambayo wazee wote wanaijua.

"Nadhani sasa naamini vya kutosha," akasema. "Lakini nataka nizamishwe. Yote. Usiniletee padri na kikombe."

Nilimwambia nitauliza. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kanisa langu liko Anderlecht, katika ukumbi uliokuwa ghala, hatua chache kutoka kituo cha metro. Ni la Wakongomani wa Kivu hasa, na Warundi wachache, na mimi Mtanzania ambaye wananicheka ninavyosema "tafadhali". Ubatizo tunafanya katika bwawa la plastiki la watoto, lile la kujazwa upepo, lenye picha za samaki ubavuni. Wanaume wanachemsha maji kwa masufuria tangu asubuhi, na bado watu wanatoka wakitetemeka. Pasta wetu ni mtu mnene, mpole, dereva wa lori siku za kazi. Nilimngoja baada ya ibada.

"Maman, uyu madame eko na miaka ngapi?" akaniuliza.

"Quatre-vingt-onze, Pasta."

"Eh! Na anaomba ubatizo leo? Alikuwa wapi?"

"Alikuwa anangoja aamini vizuri."

"Bon." Akajikuna kidevu. "Unajua, sisi hatunyunyizake muntu. Muntu anazama yote, kichwa na miguu. Na mbele ya ile, kanisa inapashwa kusikia ushuhuda yake. Hata kama ni mama ya président."

Hapo ndipo wiki zilipoanza kuliwa. Kwetu hakuna mchungaji anayebatiza kwa uamuzi wake peke yake. Mwombaji anasimama mbele ya kanisa, anaeleza jinsi alivyomjua Mungu, anaulizwa maswali, kisha watu wananyosha mikono. Madame hakuweza kushuka ngazi za nyumba yake, seuze kufika Anderlecht. Nikamrekodi kwenye simu. Jumapili ya kwanza ajenda ilijaa habari za paa linalovuja. Jumapili ya pili Pasta alikuwa safarini na lori. Jumapili ya tatu nikasimama mbele, simu kwenye kipaza sauti, na sauti yake nyembamba ikajaza ghala, nami nikatafsiri kipande kwa kipande. Alisema alikuwa na kiburi maisha yake yote. Alisema alimkosea mumewe katika jambo ambalo hatalitaja mbele ya wageni. Alisema anaogopa.

Mama mmoja wa mbele akanyosha mkono. "Anakunywaka?"

Nilijua nikidanganya dhambi itakuwa yangu. "Kidogo. Jumapili, kikombe cha mvinyo mtamu."

"Kidogo namna gani?"

Nikaonyesha kwa vidole. Minong'ono ikaanza, na niliona jambo langu linazama lenyewe bila maji. Ndipo baba mmoja wa nyuma akasema, "Alors, mu-mama wa quatre-vingt-onze, tukamukataza ile kikombe, atabakia na nini?" Watu wakacheka, mikono ikapanda. Nililia pale mbele kama mjinga. Pasta akanipa leso yake.

Ikabaki maji yenyewe. Mwanawe, anayeishi ng'ambo, nilimpigia simu nikamweleza. Akasema kama mama yake anataka, basi, lakini ndani ya bafu la nyumbani, kwenye kiti chake cha kuogea, na likitokea lolote mimi ndiye nitakayewajibika. Nikasema sawa. Ningesema nini?

Kile kiti ni cha betri. Unamkalisha mzee juu ya bafu, unabonyeza, kinamshusha taratibu hadi karibu na chini, na mgongo wake unalala kidogo nyuma. Nilitaka kuhakikisha. Jumatano nilipita nje ya zamu yangu, na Madame akiwa amelala usingizi wa mchana, nilijaza bafu mpaka juu, nikavaa nguo za mazoezi, nikakalia kiti, nikabonyeza. Kilinishusha. Nikalaza kichwa nyuma, na maji yakanifunika uso bila shida. Nilikaa humo nikihesabu mpaka tatu, nikaibuka nikicheka peke yangu. Kulikuwa na maji ya kutosha. Hilo nataka lieleweke, kwa sababu nimejitafutia kisingizio kila mahali na hicho hakipo.

Alhamisi Pasta alikuja saa nane mchana. Alivua viatu mlangoni, akaingia na soksi, kanzu nyeupe mkononi ndani ya mfuko wa dukani. Alipomwona Madame aliinama kwa mikono miwili, kama anavyowainamia mama zake. Madame akampapasa uso. Akaniuliza kama mikono yake ni ya mtu wa kazi. Nikamwambia ni dereva wa lori. Akaridhika.

Nilimvalisha gauni lake la pamba la kulalia, nikamkalisha, nikabonyeza. Maji yalikuwa ya vuguvugu, ndivyo alivyoomba, hakutaka moto. Pasta akapiga magoti juu ya zulia la bafuni na kukunja mikono ya kanzu. Tulikuwa tumepanga: yeye ataweka mkono wake juu ya paji la uso, mimi nitakuwa nyuma, mkono wangu chini ya shingo, kumwongoza chini na kumrudisha juu. Sekunde moja. Hata moyo mbovu unavumilia sekunde moja.

"Mama," Pasta akasema kwa Kiswahili, nami nikatafsiri, "unaamini?"

Madame akasema anaamini.

Pasta akafumba macho. Huwa anafumba, ndiyo tabia yake, tunamtania kwamba siku moja atambatiza shemasi. Akasema maneno, akasukuma.

Sasa nieleze mkono wangu. Nilikuwa na miaka tisa katika kazi hii. Siku ya kwanza kabisa ya mafunzo waliniambia neno moja kuhusu bafu: shika kichwa. Chochote kikitokea, simu ikilia, mzee akipiga kelele, wewe ukiteleza, shika kichwa. Nimewashika wazee wangapi sijui. Mkono wangu wa kushoto unajua shingo za watu kuliko ninavyojua nyuso zao. Na yule mama alipoanza kushuka, maji yakapita mabega, yakapita kidevu pembeni, yakaingia masikioni, mkono ule ukakaza. Sikuuamuru. Niliuambia uachie, naapa niliuambia, na haukuachia. Mazoea yana taabu. Pasta alisukuma na mimi nikainua, na kati yetu sisi wawili yule mama akabaki pale pale, nywele zote za nyuma zimelowa na uso wake wote umekauka.

"Amen," Pasta akasema. Akafumbua macho, akaona nywele zinatiririka, akaanza kuimba.

Madame alifungua macho yake yasiyoona. Akatoa mkono majini, akajigusa paji la uso kwa vidole, polepole, kama anayetafuta miwani.

"Bado," akasema kwa Kiingereza.

"Anasema nini?" Pasta akauliza.

Midomo yake ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Alikuwa anatetemeka. Nilisikia sauti ya mwanawe ikiniambia nitawajibika. Pasta alikuwa pale, maji yalikuwa pale, angerudia hapo hapo kwa furaha kama ningesema neno moja. Sikulisema. Niliogopa.

"Anasema asante," nikajibu.

Hilo neno moja la Kiswahili Madame alilijua. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe, na alikuwa analitumia kila nilipomfunga vifungo. Akageuza kichwa upande wangu. Sijui aliona nini, pengine kivuli tu. Nikabonyeza kiti kikapanda.

Nilipokuwa namkausha, Pasta akiwa sebuleni anajaza cheti chake cha ushirika kwa mwandiko mzuri, Madame aliniambia, "Alhamisi ijayo, basi."

"Alhamisi ijayo," nikasema. "Sitakushika."

"Hapana," akasema. "Usinishike."

Hakunikaripia. Bora angenikaripia, nilikuwa nimezoea ukali wake. Nilirudi Anderlecht na tramu, kisha metro, nikafika nyumbani nikakaa jikoni na koti langu. Nilijiambia ni siku saba tu. Nilipanga nitamweleza Pasta Jumapili, aje tena, na nitamwomba mama mmoja wa kanisa ashike mahali pangu, mtu ambaye mikono yake haijafundishwa.

Jumapili asubuhi, nikiwa navaa kwenda kanisani, kampuni ilinipigia. Madame alikuwa amepata kiharusi.

Nilikwenda kanisani hivyo hivyo, kwa kuwa sikujua pa kwenda. Nilimngoja Pasta nje karibu na gari lake, nikamwambia yote, hata neno nililotafsiri uongo. Alinisikiliza akiwa ameshika ufunguo.

"Maman," akasema mwishowe, "njo kazi yangu kuangalia, na mimi nilifunga macho."

"Turudie, Pasta."

"Docteur atakubali?"

Nikatikisa kichwa.

"Mungu anaonaka moyo," akasema.

"Hakutaka Mungu aone tu. Alitaka azame."

Akatazama viatu vyake. Alikuwa na machozi, mtu mzima yule. "Kunyunyiza siwezi," akasema. "Hata yeye hawezi kupenda. Alors, nifanye je?" Tukasimama pale mpaka mkewe akaja kumwita.

Walimrudisha Uccle baada ya siku kumi, kwenye kitanda cha hospitali kilichowekwa sebuleni, kwa kuwa hapakuwa na cha kumfanyia tena. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, sauti imekwenda. Karatasi ya maagizo iliyobandikwa mlangoni ilisema asiingizwe kwenye bafu kwa hali yoyote. Ile nyumba yote ilikuwa na maji, mabomba ya jikoni, mabomba ya bafuni, mvua dirishani kila siku, na hakuna tone lililomfaa. Nilifikiria mambo ya kichaa. Nilifikiria kumbeba. Ana kilo arobaini, ningemweza. Nilisimama bafuni nikitazama kile kiti, nikazima taa nikarudi. Sikuwahi kujiona sina maana kama wiki zile, na nimezika wazazi wote wawili kwa simu.

Daftari sikulifungua. Sikuwa na uso wa kumsomea.

Alhamisi niliyomwogesha mara ya mwisho nilileta beseni la maji ya uvuguvugu, sabuni na kitambaa. Tunaanza na uso siku zote, ndiyo kanuni, uso kwanza maji yakiwa safi. Nililowesha kitambaa, nikakikamua nusu, nikakisogeza kwenye paji la uso wake. Alisikia tone limedondoka kwenye mto. Shingo ile isiyokuwa na nguvu ikajikaza, na kwa upande mmoja uliobaki hai akageuza uso wote ukutani, akafumba macho, akafunga midomo kama mtoto anayekataa dawa.

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, kitambaa kilikuwa kinanitiririkia mkononi mpaka kwenye kiwiko.

"Naosha tu, Madame," nikamwambia. "Sikubatizi. Naosha tu."

Alibaki hivyo kwa muda. Kisha akageuka, akanipa uso wake.